Valvu mpya ndani ya moyo: mgonjwa akianguka siku ya tatu, si lazima iwe karuho

Kuna wandugu wetu walio Ulaya wanaobadilishiwa valvu ya moyo bila kupasuliwa kifua. Wengi wanapona upesi. Wachache wanapata matatizo ambayo huku nyumbani tunayasikia kwa simu, kisha tunayapa maana yetu. Tumetafuta kuelewa mambo hayo yanatokea namna gani, na yanawahusu vipi wakaaji wa Mumosho.

Mwaka jana baba yangu mkubwa, anayeishi Bruxelles, aliwekewa valvu mpya ndani ya moyo. Ana miaka 79. Waganga hawakumfungua kifua. Walipitia kwenye mshipa wa paja. Kesho yake asubuhi alikuwa ameketi kitandani anakula mkate, akatutumia sauti kwa WhatsApp kutuuliza kama mvua imeanza huku na kama maharagwe yamepandwa. Tulicheka sana siku ile.

Siku ya tatu akaanguka akienda chooni. Moyo wake ulikuwa umepunguza mwendo mpaka karibu kusimama. Waganga walikimbia, wakamwekea kifaa chenye betri chini ya ngozi ya kifua, na leo anatembea. Lakini huku nyumbani mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Miezi michache kabla alikuwa amekuja kwenye matanga, akanywa kasiksi kwa shemeji yetu mmoja. Siku ile ile ya kuanguka kwake, kuna mtu katika jamaa alisema: "Huyu walimupa karuho kule ku matanga. Munganga wa wazungu hawezi kuiona." Neno likazunguka mlima wote. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza, sikuuliza kitu. Nilinyamaza.

Habari hii ni ulizo nililopaswa kuuliza siku ile: ni kitu gani kinaweza kumwangusha mtu aliyebadilishiwa valvu, wakati kazi yenyewe ilienda vizuri?

Moyo na milango yake

Moyo ni pampu. Kwa siku moja unapiga karibu mara 100,000, na kila dakika unasukuma karibu lita 5 za damu. Una vyumba 4 na milango 4. Milango hiyo ndiyo valvu. Kila mmoja unafunguka upande mmoja tu: damu ikipita, unafunga nyuma yake kusudi isirudi.

Mlango wa mwisho, wa kutokea chumba kikubwa cha kushoto kwenda mwilini, unaitwa valvu ya aota. Aota ni mshipa mkubwa kuliko yote. Mlango huu uko na vipande 3 vyembamba kama majani. Kwa mtu mzima mwenye afya, ukifunguka unaacha nafasi ya sentimita mraba 3 mpaka 4.

Kwa wazee wengi, chokaa inaanza kushika kwenye majani hayo, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Majani yanakuwa magumu. Nafasi ikishuka chini ya sentimita mraba 1, waganga wanasema ugonjwa umekuwa mkali. Kule Ulaya na Marekani ya kaskazini, karibu watu 3 kwa kila 100 waliopita miaka 75 wako na hali hiyo.

Sisi wa Mumosho tunaijua Ruzizi. Mahali mto ulipo mpana, maji yanakwenda polepole. Pale unapobanwa kati ya milima, maji yanapiga kelele na nguvu inakuwa nyingi. Ni hivyo pia ndani ya moyo: damu ile ile inalazimishwa kupita kwenye tundu dogo. Moyo unajikaza, misuli yake inanenepa, kisha siku moja unachoka. Mgonjwa anakosa pumzi akipanda mlima, anabanwa kifua, ao anazimia bila sababu inayoonekana. Dalili hizo zikianza na valvu isibadilishwe, karibu nusu ya wagonjwa wanakufa katika miaka 2 hivi. Dawa ya vidonge haiwezi kuyeyusha chokaa ile.

Kupitia paja

Zamani njia ilikuwa moja: kufungua kifua, kusimamisha moyo, kukata valvu ya zamani na kushona mpya. Inafaa mpaka leo. Lakini mzee dhaifu, mwenye figo ao mapafu mabaya, alikuwa anaambiwa: "Wewe hauwezi kustahimili." Anarudi nyumbani kungoja.

Mwaka wa 1989, munganga wa Denmark, Henning Rud Andersen, alijaribu kwa nguruwe valvu iliyokunjwa na kusukumwa kwa mpira mwembamba ndani ya mshipa. Tarehe 16 Aprili 2002, munganga Mfaransa Alain Cribier alifanya hivyo kwa mtu, katika mji wa Rouen. Mgonjwa huyo alikuwa na miaka 57, moyo wake ulikuwa unazimika, na waganga wa upasuaji walikuwa wamekataa kumgusa. Valvu ilifanya kazi palepale. Mgonjwa alikufa miezi 4 kisha, kwa matatizo mengine yasiyotoka kwenye valvu. Lakini njia ilikuwa imefunguliwa.

Leo waganga wanaiita TAVI. Mpira mwembamba, unaoitwa katheta, unaingia kwenye mshipa wa paja na kupanda mpaka kwenye moyo. Ndani yake kuna valvu iliyokunjwa kama mwavuli: wavu wa chuma, na majani yaliyotengenezwa kwa ngozi laini inayofunika moyo wa ng'ombe ao wa nguruwe. Ikifika mahali pake inafunguliwa. Valvu ya zamani haitolewi. Inasukumwa pembeni, ikabaki imebanwa kati ya wavu mpya na ukuta wa moyo.

Shika neno hilo, "inabanwa", kwa sababu matatizo mengi yanatoka pale.

Mwaka wa 2010 ilitoka hesabu ya wagonjwa 358 ambao hawangeweza kupasuliwa. Kisha mwaka mmoja, kati ya wale waliopewa matunzo ya kawaida, karibu 51 kwa 100 walikuwa wamekufa. Kati ya wale waliowekewa valvu kwa katheta, karibu 31 kwa 100. Kwa hiyo, tukisema leo juu ya matatizo, tusisahau mzani: bila valvu, baba mkubwa hangefika mbali.

Tatizo linaloonekana mara nyingi: waya wa moyo

Moyo una umeme wake wa kuzaliwa nao. Kuna kama waya mmoja unaotoa amri kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Waya huo unapita chini kidogo ya valvu ya aota, milimita chache tu. Wavu mpya ukifunguka unaweza kuuminya. Ukivimba ao kukatika, amri haifiki chini, na moyo unapiga polepole sana ao unasimama kwa sekunde. Mgonjwa anazimia.

Mara nyingine hiyo inatokea palepale mezani. Mara nyingine inangoja siku 2 ao 3, wakati uvimbe unaongezeka. Kuna hata wanaopatwa wakiisha kurudi nyumbani. Karibu mtu 1 kwa kila 10 anahitaji kuwekewa kile kifaa cha betri, pesimeka, ingawa hesabu inapanda na kushuka kufuatana na aina ya valvu na hali ya moyo wenyewe kabla. Ndiyo maana wagonjwa wanaunganishwa na mashine ya kusoma mapigo usiku na mchana.

Hicho ndicho kilichompata baba mkubwa. Binti yake alituandikia kwa maneno machache: "Walituambia mbele kwamba inaweza kutokea. Baba aliweka sahihi." Walijua kabla. Sisi hatukujua.

Matatizo ya nadra

Kuna mengine yanayoonekana kwa mtu 1 hivi kwa 100, ao chini ya hapo. Ni machache, lakini mengi yanakuja kwa ghafla na hayangoji.

La kwanza ni kufungwa kwa mishipa inayolisha moyo. Moyo nao unakula damu, na mishipa yake 2 inaanzia juu kidogo ya valvu ya aota. Jani la zamani likisukumwa vibaya linaweza kuziba tundu la mshipa huo kama kifuniko. Moyo unakosa chakula palepale. Kwa kuepuka hiyo, mgonjwa anapigwa picha ya skana mbele, na waganga wanapima umbali kati ya valvu na matundu yale. Ukiwa mfupi sana, wanajipanga namna nyingine ao wanaacha.

La pili ni kupasuka kwa pete ambamo valvu inakaa. Chokaa ni kama mawe. Wavu ukifunguliwa kwa nguvu, jiwe linaweza kuchana ukuta. Damu inamwagika ndani ya mfuko unaofunika moyo, mfuko unajaa, na moyo unabanwa kutoka nje mpaka hauwezi tena kufunguka. Jambo hilo linaweza pia kuletwa na waya wa kuongoza katheta, ukitoboa ukuta wa moyo. Hapo damu inatolewa haraka kwa sindano, na mara nyingine kifua kinafunguliwa palepale. Ndiyo sababu kazi hii inafanywa mahali ambapo waganga wa kupasua wako karibu.

La tatu, valvu mpya inaweza kuteleza, ikaanguka ndani ya chumba cha moyo ao ikasukumwa juu ndani ya aota. La nne, wavu unaweza kutoboa tundu kati ya vyumba 2 vya chini, damu ikaanza kupita pahali isipopaswa.

La tano ndilo lililonishangaza kuliko yote. Kumbuka, moyo ulikuwa umenenepa kwa miaka juu ya kusukuma mlango mgumu. Siku moja mlango unafunguliwa ghafla. Moyo unaendelea kusukuma kwa nguvu ile ile ya zamani, lakini sasa hakuna kinachoupinga. Kuta zake nene zinakutana, zinaziba njia kwa ndani. Kazi imefaulu, na mgonjwa anaanza kuzama. Waganga waliipa jina la kutisha: chumba kinachojiua. Matunzo yake yanapinga mazoea. Presha ya mgonjwa ikishuka, mkono unakimbilia dawa ya kuutia moyo nguvu. Hapa dawa hiyo inaweza kumuua. Anapaswa kupewa maji kwa mshipa, na dawa ya kutuliza moyo upige polepole. Asiyeijua hali hii atafanya kinyume kwa nia nzuri kabisa.

Tena kuna kiharusi, ile ambayo mjini Bukavu wanaita AVC. Kipande cha chokaa ao damu iliyoganda kinaruka mpaka kwenye ubongo. Katika mwezi wa kwanza kinawapata karibu watu 2 ao 3 kwa 100. Na kuna damu kutoka kwenye mshipa wa paja, na valvu inayovuja pembeni kwa sababu haikukaa sawa kwenye chokaa.

Angalia vizuri: kila tatizo hapa lina njia yake. Waya umeminywa, tundu limezibwa, ukuta umechanika. Munganga akifungua mashine anaona ni wapi.

Homa ambayo si malaria

Kuna tatizo moja la nadra linaloweza kumkuta mgonjwa akiwa huku kwetu, likizo ao kwenye matanga, miezi ao miaka kisha valvu kuwekwa. Mikrobi zinaweza kuingia ndani ya damu, mara nyingi kutoka kwenye meno mabovu ao kidonda, na kushika kwenye valvu ya kuwekwa. Waganga wanaiita endokaditi. Kwa mwaka inampata karibu mtu 1 kwa 100 mwenye valvu ya namna hiyo. Isipotunzwa, inaua.

Dalili yake ya kwanza ni homa. Sasa, huku kwetu homa ina jina moja tu. Mtu anapima malaria, ao hapimi, anameza dawa. Homa inashuka kidogo, inarudi. Anaongezewa antibiotiki za kununua kwenye duka, siku 3, anaacha. Hapo mambo yanakuwa mabaya mara mbili: ugonjwa unaendelea, na antibiotiki chache zinaficha mikrobi isionekane katika damu wakati munganga anaitafuta.

Kwa hiyo, kama katika jamaa kuna mtu mwenye valvu ya kuwekwa, iwe kwa paja ao kwa kupasuliwa kifua, shikeni mambo haya:

– Akipata homa, neno la kwanza kwa muuguzi liwe: "Mimi niko na valvu ya kuwekwa ndani ya moyo." Mpime malaria, ndiyo, lakini msiishie pale.
– Asimeze antibiotiki yoyote mbele ya kutolewa damu ya kupimwa kwenye hospitali kubwa, isipokuwa munganga mwenyewe ameamua.
– Mbele ya kung'olewa jino, amwambie munganga wa meno. Kuna antibiotiki ya kumeza kabla.
– Kuzimia, kukosa pumzi ghafla, mdomo kupinda, mkono kulegea: msingoje asubuhi.
– Asiache dawa zake za kuzuia damu kuganda kwa kuwa anajisikia vizuri.
– Karatasi ya hospitali inayoonyesha aina ya valvu, aitembeze nayo, na mtu mmoja nyumbani apige picha yake kwa simu.

Na sisi tusio na ndugu Ulaya?

Msomaji anaweza kusema: hii ni habari ya wazee wa Bruxelles. Ni kweli kwa sehemu. Kule Marekani valvu moja ya TAVI inauzwa karibu dola 30,000, bila kuhesabu kitanda wala waganga. Afrika Kusini na Misri wanaifanya. Mumosho hatuna hata mashine ya kuona valvu.

Lakini sisi pia tuko na ugonjwa wa valvu, na wetu unashika vijana. Mtoto anaumwa koo, wengine wanasema angini. Mikrobi fulani ya koo isipotunzwa, mwili unapigana nayo mpaka unajipiga wenyewe: viungo vinavimba, na valvu za moyo zinapata makovu. Ni homa ya rumatizimu. Ikirudi mara nyingi, valvu zinaharibika kabisa. Duniani kuna karibu watu milioni 55 wenye ugonjwa huo wa moyo, na karibu 360,000 wanakufa kila mwaka. Uchunguzi mmoja uliotoka mwaka wa 2014 uliangalia wagonjwa 3,343, wengi wao wakiwa katika nchi 12 za Afrika. Nusu yao walikuwa na miaka 28 ao chini. Ni umri wa mama mwenye watoto wadogo, wa kijana anayebeba mizigo.

TAVI haiwafai sana hao. Wavu unahitaji chokaa ya kushikilia, na valvu ya rumatizimu mara nyingi haina ya kutosha. Tena mara nyingi mlango ulioharibika ni mwingine, ule ulio kati ya vyumba vya kushoto. Na majani ya ngozi ya ng'ombe yanachakaa haraka kwa mwili wa kijana. Kwao inabaki upasuaji. Jirani zetu wanaufanya: Kigali, kwenye hospitali ya King Faisal, kikundi cha waganga cha Team Heart kimekuwa kikija kupasua tangu 2008, Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, tangu 2015. Shida ni safari, pesa, na foleni.

Lililo karibu na mkono wetu ni bei ndogo zaidi. Kaskazini mwa Uganda, mji wa Gulu, walichukua watoto 818 waliokuwa na dalili za mwanzo kwenye valvu. Nusu walichomwa sindano ya penisilini inayokaa mwilini, kila wiki 4, kwa miaka 2. Matokeo yalitoka mwaka wa 2021: kati ya waliochomwa, hata mtoto 1 kwa 100 hakufika, ugonjwa wake ulizidi. Kati ya wasiochomwa, walikuwa 8 kwa 100. Sindano ya kituo cha afya inaweza kuzuia safari ya Kigali.

Kwa hiyo mama, mtoto akiumwa koo na homa, bila mafua, mpeleke apimwe, na mumalize dawa yote mliyopewa. Na kijana anayekosa pumzi kupanda mlima aliokuwa anaupanda akikimbia, asiambiwe ni uvivu, wala asianze kutafutiwa mchawi. Aombe kutumwa Bukavu kwa ekografia ya moyo.

Kilichobaki kwetu

Baba mkubwa alipopata nguvu, alipiga simu mwenyewe mbele ya jamaa yote. Alisema kwa Kishi, polepole, kwamba ugonjwa wake ulianza miaka mingi mbele ya kasiksi ile, na kwamba waganga walimwonyesha kwenye picha pahali wavu ulipominya waya wa moyo. Akaomba shemeji apewe simu. Shemeji hakuwa pale. Hakuna aliyekuwa amemwita.

Tulikwenda kwake Jumapili iliyofuata. Alitupokea, akatupa viti. Hakutupa kinywaji, na sisi hatukuomba. Alisema tu: "Mulisema bila kuuliza." Ni kweli. Hakuna tatizo hata moja kati ya yale niliyoeleza juu ambalo linahitaji adui. Linahitaji munganga anayelijua, mashine ya kuliona, na jamaa inayouliza mbele ya kuhukumu. Vile viwili vya kwanza viko mbali nasi kwa sasa. Cha tatu tuko nacho, hakilipiwi.